Singe Iliyotoka Kwenye Shimo la Choo

Kutoka Ukunda mpaka Vanga hakuna mtu anayezijua singe kama ninavyozijua mimi. Nasema hivyo bila kuona haya. Singe, kwa asiyeijua, ni kile kisu kirefu cha askari wa zamani kilichokuwa kikipachikwa mdomoni mwa bunduki, ili risasi zikiisha mtu aendelee kuua. Mimi darasa la saba sikulimaliza. Nilianza kwa kusukuma mkokoteni wa vyuma chakavu na chupa tupu, nikapanda kidogo kidogo mpaka nikawa na duka langu la vitu vya kale pale Diani, na nyumba ya mawe Msambweni iliyotiwa marumaru mpaka jikoni. Waliosoma huingia dukani, wakashika singe, wakasema, "Kisu cha zamani hiki." Mimi nikiishika nitakwambia ilikuwa ya jeshi gani, ya kikosi gani, na kama iliwahi kuhama mkono.

Nyingi nilizinunua Mackinnon Road na vijiji vya nyuma yake, ambako wachungaji wamekuwa wakiziokota porini tangu vita vile vya kwanza vya Waingereza na Wajerumani. Nilizikuta zikichongea vigingi vya maboma ya mbuzi, nyingine zikichimbia mihogo. Aliyenifundisha kuzisoma ni mzee mmoja wa Kizungu, mstaafu, aliyekuwa akikaa Diani na kununua singe tu; sanduku hataki, mlango wa nakshi hataki. Alinionyesha kwamba urefu wa singe hausemi kitu, wala ukali wake. Kinachosema ni chapa. Kwenye shina la ubapa, karibu na mpini, serikali yenye mali hupiga muhuri wake. Kwenye kichwa cha mpini, kile kifundo cha chuma cha mwisho, kikosi hupiga herufi na namba zake ili askari asije akachukua ya mwenziwe. Nilizisoma nyingi sana, na wanunuzi walikuwa wakinisikiliza midomo wazi. Hakuna singe iliyowahi kunitia hofu. Ni chuma tu, nilikuwa nikisema.

Kisha nikaamua kujenga vyumba vya wageni nyuma ya nyumba yangu.

Wageni wanataka choo, na choo kinataka shimo. Nilimwita fundi wa mashimo wa huko huko Msambweni, mtu wa makamo kama mimi, swala tano hazimpiti, mkono wake ni mzito kwenye sururu. Asubuhi hiyo nilikuwa ukumbini nanywa chai na mke wangu, mtoto wetu mdogo akitambaa juu ya marumaru, niliposikia sauti ya fundi kutoka uani.

"Tajiri! Hebu njoo. Njoo peke yako."

Ni lile neno "peke yako" lililonifanya niweke kikombe chini.

Nilimkuta amechuchumaa ukingoni mwa shimo. Shimo lilikuwa bado halijamfika kifuani. Mbele yake alikuwa ametandika kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa kulikuwa na mifupa. Mifupa ya mtu. Fuvu lilikuwa na meno yake karibu yote, meno mazuri, ya kijana. Na yote ilikuwa inang'aa majimaji kwenye jua. Pembeni, juu ya udongo, kulikuwa na kitu kirefu cha kutu ambacho sikuhitaji kukikaribia ili nikijue.

"Hii ni nini?" nilimuuliza, ingawa nilikuwa naiona.

"Mtu," alisema.

"Mbona imelowa?"

"Nimemwosha."

"Umemwosha!"

"Sasa ningemwachaje, tajiri? Mtu kakaa chini miaka yote hiyo, halafu atoke mbele za watu ana matope ya choo?"

"Matope ya choo ya wapi? Choo chenyewe bado!"

"Basi matope ya shimo. Nimemwosha vizuri, nikamtia kwenye shuka langu la Ijumaa. Kisu sikukigusa, hicho ni kazi yako."

Nilimuuliza swali ambalo Mwislamu yeyote wa pwani hii angeliuliza. "Alipokuwa chini alilala vipi? Ubavu gani? Uso ulielekea wapi?"

Fundi alilitazama shimo, akanitazama mimi, na nikaona macho yake yanajaa hofu kidogo kidogo kama ndoo chini ya mfereji.

"Sikutazama," alisema. "Wallahi sikutazama. Nilipoona fuvu nikaona aibu kumwacha wazi. Nilimkusanya tu."

Sisi humlaza maiti wetu kwa ubavu wa kulia, uso wake ukaelekea kibla, na kibla kwetu ni kaskazini. Mifupa hata ikikaa ardhini miaka mia, ule mlalo wake unabaki. Ungetazama tu ungejua kama ni wetu, au angalau kama alizikwa na wetu. Mtu mwingine angepiga picha, mwingine angekimbia akaacha kila kitu kilivyo. Fundi wangu alimfanyia maiti heshima, na kwa heshima ile akaufuta ushahidi wote kwa maji ya jerikeni.

Mke wangu alikuwa amenifuata. Sikumsikia akija. Nilimwona amesimama kwenye mlango wa jikoni, mtoto begani, mkono mmoja umefunika uso wa mtoto.

"Huyo ni nani?" aliuliza.

"Askari wa zamani. Usiogope."

"Nimekuuliza ni nani, sikukuuliza kazi yake."

Aliingia ndani, akafunga nguo za mtoto, akapanda tuktuk kwenda kwa mama yake Gazi. Mchana mama mkwe wangu akanipigia simu. Ni mwanamke mpole, nami humwamkia kwa adabu zote, lakini siku hiyo hata marahaba aliitoa haraka haraka.

"Mkwe wangu," alisema, "sikukuoza mwanangu akalale nyumba moja na mtu asiyejulikana. Mjue ni nani, mumzike kwa dini yake. Akizikwa kwa dini yake, mwanangu atarudi. Akizikwa ovyo, nyumba hiyo mtakaa wewe na yeye."

"Mamangu, hayo ni mambo ya zamani."

"Wewe si ndiye unayejua mambo ya zamani? Basi yajue."

Chifu alikuja na polisi, kwa sababu nilimwarifu mwenyewe. Mimi sifichi mambo. Walitazama mifupa, wakatazama kutu ya singe, wakakubaliana kwamba hayo ni ya vita vya kale, hakuna kesi. Chifu aliniambia nizike kabla ya Ijumaa kwisha. Nisipozika, watampeleka mochari, akazikwe pamoja na wale wasio na wenyewe. Nilikwenda kwa maalim wa msikiti wetu. Aliniuliza jambo moja tu.

"Ni Mwislamu?"

"Sijui, maalim."

"Basi jitahidi ujue. Ukishindwa, rudi."

Hapo ndipo niliposhika singe ile, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli.

Mifupa nilikuwa nimeiweka stoo, juu ya meza ndefu ninayofanyia kazi zangu, na zana zangu zote ziko pale. Kwa hiyo nilifanya kazi upande huu wa meza na yeye akalala upande ule, amefunikwa shuka. Nyumba ilikuwa tupu. Sikujua nyumba yangu inaweza kunyamaza namna ile. Niliwasha redio nikaizima, kwa sababu niliona kama namkosea adabu. Kila niliposugua, meza ilitikisika kidogo, na meza ilipotikisika, kitu fulani chini ya shuka kiligongana na kingine. Sauti ndogo, kama ya vijiko. Niliacha kusugua. Nikangoja. Nikaanza tena, na tena ikagongana. Mimi niliyelala porini Mackinnon Road peke yangu na fisi wakilia, jasho lilinitoka mpaka kwenye viganja.

Singe yenye kutu haisuguliwi kwa msasa. Msasa unakula kutu na kula chapa pamoja. Unailoweka mafuta ya taa, unaifuta kwa pamba na mswaki wa zamani, unangoja, unafuta tena. Chuma kikianza kutulia unapaka chaki, unaifuta juu juu, na chaki inabaki ndani ya michoro. Hapo herufi hujitokeza nyeupe. Nilipofuta kichwa cha mpini, upande wa juu, herufi zilitoka, na namba juu yake. Nilizijua papo hapo. Kilikuwa kikosi cha Waingereza wenyewe, Wazungu watupu. Niliwahi kuuza singe yao.

Nilipumua. Mzungu! Basi ni Mkristo. Nilikwenda msikitini adhuhuri, na baada ya swala nikasimama barazani nikatangaza.

"Yule ni askari wa Kizungu. Chuma kimesema."

"Kimesema kwa Kiingereza au kwa Kiswahili?" alinitania muuza samaki mmoja. "Maana Kiingereza chako wewe, hata chuma kitakucheka."

"Wewe soma samaki wako kwenye macho, mimi niachie singe."

Watu walicheka. Mzee mmoja alisema kwa chuma hanibishii. Nilimpigia padri mmoja wa Ukunda, akakubali kuja Alhamisi kumchukua akamzike kwenye makaburi yao. Nilimpigia mke wangu nikamwambia jambo limekwisha. Nilijiona mkubwa sana siku ile.

Asubuhi iliyofuata nilitaka kuipiga picha ile chapa nimtumie yule mzee wangu, ambaye sasa amerudi kwao Ulaya, aone tu kazi ya mwanafunzi wake. Niliisogeza dirishani. Jua la asubuhi huingia stoo kwa ubavu, na mwanga wa ubavu ndio mwanga mzuri wa kusomea chuma. Niliinua simu. Na kwenye kioo cha simu nikaona mstari.

Mstari mwembamba, umenyooka, umepita katikati ya herufi zote mwanzo hadi mwisho. Jana niliuona, nikadhani ni mkwaruzo wa sururu ya fundi. Lakini sururu haipigi mstari namna hiyo. Ule ulikuwa mstari wa tindo, ile patasi ya kukatia chuma.

Nikakaa juu ya ndoo. Najua maana ya mstari ule. Nimewaeleza wanunuzi mara ngapi! Singe ikitolewa kikosi kimoja ikapewa kikosi kingine, fundi wa silaha huikata chapa ya kwanza kwa tindo, kisha hupiga mpya pahali pengine. Chapa iliyokatwa ni chapa iliyokufa. Nami nilikuwa nimesimama mbele ya watu wa msikiti nikaisoma chapa iliyokufa, nikampa mtu dini nayo.

Niliigeuza. Upande wa pili wa kichwa cha mpini bado ulikuwa na kutu nzito, nilikuwa sikuufuta kwa kuona kazi imekwisha. Nikachukua pamba. Nilipoanza kufuta, meza ikaanza tena vile vijiko vyake. Nikasema kwa sauti, "Subiri, ndugu yangu, subiri kidogo." Mtu mzima, naongea na shuka.

Chapa ya pili ilitoka. Kisha nikafuta shina la ubapa, na pale nikaukuta mshale wa serikali, ule unaofanana na wayo wa kuku, na chini yake kijiti kimoja kimesimama. Kijiti hicho ni herufi I, ya India. Singe ilikuwa mali ya jeshi la Wahindi.

Nilimpigia mzee wangu. Kiswahili chake kimechakaa, lakini cha singe kipo.

"Iko mstari juu ya herufi?" aliuliza.

"Upo."

"Basi achana nayo. Soma ingine."

Nikamsomea namba na herufi. Nikasikia anavuta pumzi.

"Hiyo naijua. Wahindi. Ilikuja pwani yako, upande wa Gazi, wakati ya vita na Wajerumani."

"Waislamu?"

"Rafiki, kikosi moja, watu mbalimbali. Kombania hii Waislamu. Kombania ile Masingasinga. Ingine Mabaniani. Walitengwa hivyo."

"Na huyu wangu ni kombania gani?"

"Hapo haijaandikwa. Iko kikosi na namba ya kisu. Kombania hapana."

"Tazama tena, mzee wangu. Nakuomba."

"Nimetazama. Chuma imemaliza."

Sikuwahi kusikia neno lililonitisha kama hilo. Padri alikuwa anakuja kesho. Kama mtu huyu ni Mwislamu, nilikuwa nimebakisha siku moja nimpeleke chini ya msalaba, na Siku ya Kiyama angenishika ukosi mbele ya viumbe vyote akaniuliza, "Nilikukosea nini?" Kama ni Baniani au Singasinga, wao maiti wao huchomwa, na sisi tukimzika tumemfunga kwenye udongo asioutaka. Huku kosa, kule kosa, na mwenyewe amelala mezani kwangu na meno yake mazuri hasemi. Mimi ndiye niliyejitia kuwa ulimi wake.

Nilikumbuka jambo moja. Masingasinga huvaa bangili ya chuma mkononi, hawaivui mpaka kufa. Nilimwita fundi.

"Hukuona bangili?"

"Sikuona kitu kingine, tajiri."

"Ulitazama?"

"Nilimtazama mtu. Bangili sikuitafuta."

"Basi shuka ukatafute."

Fundi alirudi nyuma hatua moja. "Tajiri, mimi hapo sishuki tena. Nimemtoa, nimemwosha, wajibu wangu nimetimiza. Shuka wewe, mimi nitashika kamba."

"Shimo la kifua unashikia mtu kamba?"

"Mimi nitaishika tu. Moyo wangu utatulia."

Nikashuka. Sikuona njia nyingine, na sikutaka asimulie watu kwamba niliogopa. Ndani kulikuwa na baridi, na harufu ya udongo uliofunguliwa. Nilipiga magoti pale pale alipokuwa amelala, nikachekecha mchanga kwa vidole. Nilipata vifungo vya shaba visivyo na chapa, nikapata kifungio cha mkanda kilichooza. Kila mzizi niliougusa nilidhani ni kidole. Nilijiuliza kama niko kichwani kwake au miguuni, kwa sababu hata hilo hatukulijua tena. Ghafla ukuta wa nyuma yangu ukamomonyoka, mchanga ukanimwagikia shingoni, nikapiga ukelele ambao jirani zangu wanausimulia mpaka leo.

"Ni mchanga, tajiri! Mchanga tu!" alipiga kelele fundi, huku akivuta kamba ambayo hata sikujifunga.

"Najua ni mchanga!"

"Sasa unalia nini?"

"Silii! Nivute!"

Bangili hatukuiona. Lakini kutoiona si kusema haikuwapo. Kutu hula, watu huiba, maiti huvuliwa vitani. Nilipokuwa nimekaa ukingoni napangusa mchanga masikioni, nilijua kwamba ujuzi wangu wote umefika mwisho, na mtu huyu bado hana dini.

Nilirudi kwa maalim. Sikupitia barazani; nilimfuata kwake. Nilimwambia yote, ya chapa iliyokatwa, ya wayo wa kuku, ya kombania. Alisikiliza huku amefumba macho. Watu wawili watatu waliokuwa pale wakaanza kubishana kabla yake.

"Apelekwe Mombasa kwa Wahindi," alisema yule muuza samaki, safari hii bila utani. "Wao watajua."

"Watajuaje, na wao wataona mfupa ule ule?" nilimjibu.

"Watamchoma, wamalize."

Maalim alifumbua macho. "Na akiwa ni Mwislamu, tumempa moto kwa mikono yetu. Nani wenu atakubali kubeba hilo?"

Muuza samaki aliinamisha macho.

"Kumzika mtu aliyekuwa achomwe ni kosa linalosameheka," aliendelea. "Kumchoma mtu aliyekuwa azikwe, hilo halirudishiki. Tutamzika. Na tutamswalia kwa sharti. Wakati wa kutia nia, kila mmoja atanuia moyoni: namswalia huyu, akiwa ni Mwislamu. Kama ndiye, swala imemfikia. Kama siye, Mungu anajua tulichokusudia, na hatukumtukana."

"Makaburini kwetu?" aliuliza mwingine.

"Siwezi kumweka kati ya maiti za watu kwa shaka. Atarudi pale alipotolewa. Pale ndipo kwake." Kisha akanigeukia. "Wewe choo chako kitafute pengine."

Nilisema ndiyo, maalim. Nilifikiria dirisha la jikoni kwangu, ambalo linatazama shimo lile moja kwa moja. Kila asubuhi nitakapofungua dirisha, atakuwa pale. Sitajua namwamkia nani.

Padri nilimpigia, nikamweleza kwamba nilisoma vibaya. Hakukasirika. Alisema atamwombea huko huko aliko. Hilo pia lilinitia hofu kidogo. Sikutaka watu wengi mno wawe wanamtaja kwa Mungu kabla sijamfukia.

Ijumaa baada ya swala tulikuwa wachache. Wengi walikwenda zao, kila mtu na udhuru wake, mmoja ati mgongo. Muuza samaki alikuja. Fundi alikuja, amevaa shuka jipya, maana lile la Ijumaa lilikuwa ndilo sanda. Alikuwa amelichimba tena lile shimo vizuri, akalitengenezea mwanandani, kile kijishimo cha kumlazia maiti, upande wa kibla. Tulisimama safu moja. Maalim alipopiga takbiri nikatia nia kama alivyotufundisha, na nilipofika kwenye yale maneno, akiwa ni Mwislamu, moyo wangu ulisimama kama mtu aliyefika kwenye mlango asiojua ndani kuna nani. Nikasema. Nikaendelea.

Mtu wa kushuka kumpokea alipotakiwa, walinitazama mimi. Mwenyeji ndiye hushuka. Nilishuka. Fundi alinipa lile furushi, na nikashangaa lilivyokuwa jepesi. Nimebeba masanduku ya mvule peke yangu, lakini mikono yangu ilikuwa haitaki kulishika jepesi lile. Nilimweka kwenye mwanandani, nikatafuta fuvu kwa kupapasa juu ya kitambaa, nikaligeuza kwa utaratibu mpaka uso ukaelekea kaskazini. Nilihisi meno kwenye kiganja changu. Nilimwambia polepole, wasisikie wa juu, "Kama si huku, nisamehe." Kisha nikapandishwa, kwa kweli nilipandishwa, maana miguu haikuwa yangu.

Tulipomaliza kufukia, maalim alikaa kichwani mwa kaburi kumsomea talakini, yale maneno anayoambiwa maiti ili akumbuke la kujibu malaika watakapomjia. Maiti huitwa kwa jina lake na jina la mama yake. Maalim alinyamaza pale kidogo. Sisi sote tulikuwa tunajua kwa nini. Kisha akasema, "Ewe mja wa Mwenyezi Mungu, mwana wa Hawa." Maana asiyejulikana mama yake, huitwa kwa mama yetu sote. Akamwambia, "Wanakuja wawili, wasikutishe, wasikuogofye." Fundi alikuwa analia. Mimi nilikuwa natazama udongo, nikiogopa usije ukatikisika.

Nilihamisha choo mpaka upande wa pili wa ua, wageni wanatembea mbali na wananung'unika. Singe iko dukani. Wanunuzi wameitaka, na wakiniuliza ilikuwa ya nani nawaambia kikosi, kisha nanyamaza. Zamani nisingenyamaza hapo. Siiuzi.

Mke wangu alirudi Jumapili. Hakupitia mlango wa mbele. Alizunguka mpaka uani, mtoto begani, akasimama mbali kidogo na lile tuta la udongo mpya, mimi nyuma yake.

"Mmejua ni nani?" aliuliza.

"Hatukujua. Tumemzika kwa sharti."

Nilimweleza. Aliniuliza mara mbili hilo sharti lilivyosemwa, nikamwambia. Nilidhani atageuka arudi Gazi. Aliangalia kaburi kwa muda, akaurekebisha mtandio wake.

"Asalaam aleikum," aliliambia kaburi, kama tunavyowasalimia watu wa makaburini. Kisha akafikiri, akaongeza kwa sauti ya chini zaidi, "Na kama salamu hiyo si yako, basi shikamoo."

Tulisimama pale sote wawili bila kupumua vizuri. Mtoto alianza kusema kitu, mama yake akamfunika mdomo. Hakuna kilichojibu, wala upepo haukupita, na mimi nilishukuru sana kwamba hakuna kilichojibu. Tukaingia ndani kwa mlango wa jikoni, haraka haraka, na nikaufunga kwa komeo mchana ule ule, jua likiwa utosini.